Nimeitwa Shuleni na Umri Huu

Nina miaka 58. Ndevu zimepiga chokaa, wajukuu wawili wananiita babu, na kesho Jumatatu saa 2 asubuhi natakiwa shuleni. Mara ya mwisho kuitwa hivyo, mimi mwenyewe nikiwa mshitakiwa, ilikuwa mwaka 1981. Nilikuwa Darasa la Saba, na kosa lilikuwa kuvunja kioo cha ofisi kwa mpira. Mpira wenyewe ulikuwa wa matambara, na hadi leo sielewi ulipata wapi nguvu za kuvunja kioo, ila fimbo nilizielewa. Safari hii sikuvunja kitu. Nilijibu maswali kumi ya Kiingereza, basi.

Ilikuwa Jumanne usiku. Kitinda mimba wangu, aliye Kidato cha Pili, alirudi na homa, akanywa vijiko viwili vya uji, akajikunja kwenye kochi na daftari kifuani. Ana jina la marehemu mama yangu, kwa hiyo namwita mama, na akinikosoa huwa sijui ni yupi kati ya hao wawili anayesema. Nikamwambia, "Mama, lala. Lete hilo daftari. Hii kazi ya dakika tano."

"Baba Watoto," mke wangu akasema kutoka jikoni, "mwache mtoto, atafanya mwenyewe akipona."

Nikamkumbusha kwamba nyumba hii ina mtu aliyesoma Kiingereza wakati Kiingereza kikiwa Kiingereza. Akacheka kile kicheko chake cha puani. Ningekisikiliza kicheko kile, kesho ningekwenda kazini kama watu wengine.

Maelekezo yalikuwa mafupi. Jaza nafasi kwa who, whom, which, whose au that. Penye kitenzi kwenye mabano, kiandike katika umbo lake sahihi. Yaani unapewa kitenzi kibichi, ukipike mwenyewe, na mwenye kula hajakwambia anakipenda kigumu au laini. Nilimaliza kabla taarifa ya habari haijafika kwenye michezo. Nikaandika kwa ule mwandiko wetu wa kuunganisha, wenye mikia, ambao watoto wa leo wakiuona hudhani ni hati ya kiwanja. Ndio ulionichongea.

Ijumaa daftari likarudi. Tatu kwa kumi.

Sasa nisikilizeni, kwa sababu mwalimu hajanisikiliza. Sentensi ya kwanza ilihusu mwanamume aliyekuja jana, nikaweka who, nikapata. Hapo hatuna ugomvi. Sentensi ya tatu ilikuwa ya mbwa aliyemuuma tarishi. The dog, nafasi, bit the postman. Nikaweka who bila hata kuinua kalamu. Mwalimu kanikata kwa mstari mrefu kama wa reli ya kati, pembeni kaandika which.

Which! Mbwa! Kwa Kiswahili ni mbwa aliyeuma na tarishi aliyeumwa. Wote wawili wana "-ye-" yao, na hakuna aliyedai mwenzake kapendelewa. Na mbwa wetu wa mtaani ninyi mnamjua. Hana jina, hana bakuli, akipita watoto wanaokota mawe. Lakini sarufi inamwamkia kama mtu mzima: mbwa aliyepita, mbwa ambaye alikuwa hapa jana. Kuku vilevile. Samaki ndiyo usiseme. Kakaangwa, kakamuliwa ndimu, yuko kwenye sahani macho yamemtoka, na bado ni samaki aliyekaangwa. Amekufa na cheo chake.

Mzungu sasa. Mbwa wake ana daktari, ana koti la baridi, analala kitandani na akifa anachimbiwa kaburi. Likija suala la sarufi, anapewa which, sawasawa na kigoda. Binti akanieleza kwa upole wa mgonjwa anayepata nafuu kwamba mbwa naye anaweza kupewa who, kama ana jina na mwenyewe anampenda. Kumbe ni kwa hisani! Nikauliza, na huyu wa kwenye zoezi? Akasema, "Baba, huyu kamuuma tarishi. Ameshajiharibia."

Hasira zikanipeleka kwenye vitabu, nikakuta jambo ambalo kesho natembea nalo mkononi. Who na which hawakugawana watu na vitu tangu uumbaji. Katika Biblia ya Kiingereza ya mwaka 1611, ile ya Mfalme James, sala ya Bwana inamtaja Mungu Baba mwenyewe kwa which. Kitabu cha sala cha Kanisa la Anglikana cha mwaka 1662 kikafuata njia hiyohiyo. Ni Wamarekani, walipotoa kitabu chao mwaka 1789 baada ya kujitawala, waliobadilisha wakaweka who. Hesabu mwenyewe: miaka 178 Mwenyezi Mungu anaitwa which, na hakumwita mzazi yeyote shuleni.

Tuje kwa whom. Sentensi ilikuwa ya muuguzi niliyemwona jana hospitali. Nikaweka who, kwa sababu muuguzi ni mtu na hajamuuma tarishi. Kosa. Binti anasema whom ni who aliyetendwa: muuguzi akiniona mimi ni who, mimi nikimwona yeye ni whom. Sasa muuguzi kabadilika nini? Sare ileile, sindano ileile. Sisi tunasema muuguzi aliyeniona, muuguzi niliyemwona. "-Ye-" imekaa palepale haina habari, na kazi ya kueleza nani kamwona nani wameachiwa "-ni-" na "-mw-", wafanyakazi wadogo wasiolalamika.

Na msidhani wenyewe wanaitumia. Ninasikiliza redio ya Kiingereza miaka arobaini sasa, na watu wa kule wanaposimuliana mambo yao husema who kwa mtendaji na mtendwa. Whom wameiweka kabatini kama vikombe vya wageni. Hemingway aliitoa mwaka 1940 kwa jina la riwaya yake ya vita vya Hispania, For Whom the Bell Tolls, na hata hapo alikuwa ameiazima kwa kasisi mmoja mshairi, John Donne, aliyeandika maneno hayo mwaka 1624. Kikombe cha kuazima, basi, kutoka kwenye kabati la miaka 300 nyuma. Lakini mtoto wa Kidato cha Pili huku kwetu, ambaye hadi Darasa la Saba hesabu alisoma kwa Kiswahili, na ghafla Januari akakuta karibu kila somo limegeuka Kiingereza, yeye ndiye anayedaiwa avitoe vikombe vyote mezani, kila siku, na asivunje hata kimoja.

Kuna kosa moja nakiri lilikuwa la kwetu. Swali la saba lilisema unganisha: hiki ni kitabu, nilikinunua jana. Nikaandika, This is the book which I bought it yesterday. Kalamu nyekundu ikaichinja it. Nikashika kichwa. Kitabu nilichokinunua! Mimi nina "-cho-" na nina "-ki-", wote wamekaa ndani ya neno moja kama abiria wa daladala, hakuna aliyeshushwa. Kwao, which ikishapanda, it hana nafasi, ashuke. Nikamuuliza binti, sasa hicho kitabu kilinunuliwa au hakikununuliwa? Akasema kilinunuliwa, Baba, ila usikitaje mara mbili. Hapohapo nikaelewa kwa nini nilikosa na lile swali la whose. Mtoto ambaye baba yake ni dereva, mimi niliandika who his father. Nilitafsiri neno kwa neno kama mtu anayehamisha matofali.

Jumamosi nikalipeleka suala kijiweni kwenye kahawa. Pale tuna mzee mmoja aliyezunguka na meli miaka mingi. Kiingereza chake kimepigwa na mawimbi lakini hakijazama. Akanisikiliza, akatafuna kashata, akasema: "Ndugu yangu, tumia that. Mtu, that. Mbwa, that. Meli, that. Halafu shusha sauti kidogo unapoitamka." Kijiwe kizima kikakubali kwamba huo ndio uongozi. Nikarudi nyumbani nimefurahi, nikamsomesha binti. Akaniandikia kwenye karatasi, The man to, nafasi, I gave the money. Nikaweka that kwa kujiamini. Akatikisa kichwa. That hakai nyuma ya to. Hakai pia baada ya mkato, pale unapotaja mtu anayejulikana halafu ukamwongezea sifa pembeni.

Nikafuatilia na hilo. Kumbe mwaka 1926 Mwingereza mmoja, H. W. Fowler, katika kamusi yake ya matumizi ya Kiingereza, alipendekeza wagawane: that ibaki na maelezo yanayohitajika ili kitu kitambulike, which ichukue maelezo ya nyongeza. Mwenyewe alikiri kwamba waandishi hawafanyi hivyo. Wahariri wa Marekani wakalichukua pendekezo wakaligeuza sheria. Waingereza, wenye lugha yao na wenye Fowler wao, wengi wakaendelea kuandika watakavyo. Kwa hiyo that yako ikikataliwa, uliza kwanza umekataliwa na nchi gani.

Lakini hivyo vyote ni utangulizi. Ugomvi wangu hasa uko kwenye S.

Kiingereza kina S moja tu ya kugombania, kama nyumba yenye mwavuli mmoja. The boy runs: mvulana ni mmoja, mwavuli uko kwa kitenzi. The boys run: wavulana wameongezeka, wamempokonya kitenzi mwavuli wake, kitenzi kinalowa. Unamfundisha mtoto kwamba S ni wingi, anafurahi, anaandika the boys runs, anachapwa alama. Hajakosea mtoto! Ametaka tu kila mtu afunikwe. Halafu unamletea children run, hapo hakuna S popote, wote wameloa chapachapa na sarufi inasema sahihi. Halafu news, yenye S mwilini, inadai is. Halafu police, isiyo na S, inadai are. Polisi wao ni wengi hata akiwa hayupo hata mmoja.

Sisi ndugu zangu hatuna umaskini huo. Vitabu vyangu viwili vizuri vilivyopotea vimepatikana. Mmeona? Wote sare moja, kama kamati ya harusi. Ukimwona mmoja barabarani unajua wenzake wako wapi na ukumbi ni upi. Ndiyo maana swali la tano lilinikuta sina silaha. She is one of the girls who, mabano, have, passed. Mimi nikasema, she, mmoja, has. Jibu ni have. Kwa nini? Kwa sababu waliofaulu ni wale wasichana, na yeye ni mmoja wao. Sawa, lakini who haina umoja wala wingi usoni. Ukiitazama hujui ni mtu mmoja au mkutano wa hadhara. Kiswahili kingekwambia mlangoni: yeye ni mmoja wa wasichana waliofaulu. "Wa" na "o", kesi imekwisha, watu warudi nyumbani. Na Waingereza wenyewe hawajakubaliana. Nimeona waandishi wao wazito wakiweka has palepale nilipoweka mimi. Nao mwalimu angewapa tatu kwa kumi.

Sijasema la swali la nane, na hili ndilo ambalo sikubali hata mbele ya mahakama. Tangu asubuhi mzee, mabano, lie, chini ya mwembe. Has ilishawekwa. Nikaandika has lied. Mwalimu akaandika lain, akaongeza alama mbili za mshangao. Nikauliza, tofauti? Binti akachukua karatasi mpya kabisa. Kuna lie ya kulala, jana yake ni lay, na ukitanguliza has inakuwa lain. Kuna lay ya kulaza, ambayo pia ni ya kuku kutaga. Jana yake ni laid, na has inabaki na laid. Na kuna lie ya kudanganya: lied, lied. Yaani jana ya mmoja ndiyo leo ya mwenzake, na wa tatu kavaa sura ya wa kwanza ili awadanganye wote. Nikamwambia, mama, sisi tunasema lala, ukitaka kumlaza mtu unaweka "z", kuku anataga kivyake huko bandani, hana ubia na mzee. Akasema ndiyo Baba, lakini wewe umeandika kwamba mzee amekuwa akidanganya chini ya mwembe tangu asubuhi.

Sijaona kosa. Mwembe wa kijiweni kwetu naujua, na wazee wake nawajua. Hiyo ndiyo sentensi pekee katika zoezi zima niliyoiandika kwa ushahidi.

Nimetafuta pa kupeleka malalamiko, hakuna. Sisi tuna BAKITA, Baraza la Kiswahili la Taifa, lililoanzishwa mwaka 1967, mwaka niliozaliwa mimi; neno likiwasumbua watu, kuna mlango wa kubisha. Wafaransa wana Akademia yao tangu 1635. Waingereza? Mwaka 1712 Jonathan Swift, yule wa safari za Gulliver, aliandika kumsihi waziri wa fedha wa Malkia Anne kwamba iundwe jumuiya ya kuisimamia lugha kabla haijaharibika. Mwaka 1714 malkia akafariki, serikali ikabadilika, jambo likaenda naye. Ila ilipofika zamu ya lugha ya wengine, muda ukapatikana! Mwaka 1930, chini ya utawala huohuo wa Kiingereza, ikakaa Kamati ya Lugha ya Afrika Mashariki kusanifisha Kiswahili kwa kufuata Kiunguja: hapa andika hivi, pale andika vile. Wakatunyoosha nyumba wakati kwao paa linavuja. Went yenyewe wameipora. Ilikuwa jana ya kitenzi kingine, wend. Go akaichukua, hadi leo hajairudisha, na hakuna polisi aliyeitwa. Wangeitwa, wangekuwa are.

Mengi ya haya nilikuwa nimeshayamwaga Ijumaa ileile daftari liliporudi, nimesimama katikati ya sebule, daftari mkononi kama hotuba ya Mei Mosi. Mke wangu alikuwa ametoka jikoni na mwiko, maana alihisi burudani. Nikafika kilele. Nikasema, "Mimi ni mtu ambaye niliyefundishwa na walimu wa kweli..."

"Baba," binti akasema.

"Nini tena?"

"Ambaye na -ye- havikai pamoja. Ni 'mtu ambaye nilifundishwa' ama 'mtu niliyefundishwa'. Ukiweka vyote viwili ni kama kuvaa kofia juu ya kofia."

Kukawa kimya. Feni ikazunguka. Mke wangu akatoa kile kicheko cha puani, safari hii kirefu. Nikasema huo ni msisitizo. Binti akasema kwenye mtihani unakatwa alama, Baba, na hata kwenye redio wanakosea hivyohivyo kila siku. Nikakaa. Nikaomba maji. Miaka 58 nimekuwa nikivaa kofia mbili mbele za watu, misibani, vikaoni, hata siku ya kutoa mahari, na hakuna aliyenigusa bega.

Ndipo nilipoona kidole gumba chake kimeng'ang'ania pembe ya chini ya ukurasa. Nikamwambia aondoe. Akasema si kitu. Nikamwambia, mama, ondoa kidole. Akaondoa. Palikuwa na maneno ya wino mwekundu, kwa Kiswahili, ili mhusika aelewe vizuri:

"Mzazi ambaye aliyemfanyia mtoto zoezi hili aonane na mimi Jumatatu saa 2 asubuhi."

Nilisoma mara ya kwanza kama mzazi, moyo ukashuka. Nikasoma mara ya pili kama mtu aliyevuliwa kofia dakika mbili zilizopita, moyo ukapanda taratibu, ukakaa mahali pake, ukaagiza chai.

"Baba, tafadhali," binti akasema.

"Kwani nimesema neno?"

"Baba, nakujua."

Tangu jana kalamu zote nyekundu za nyumba hii hazionekani. Nimetafuta kwenye begi la shule, kwenye droo ya mke wangu ya hesabu za kikoba, hata chini ya godoro. Leo baada ya chakula cha mchana nimetoka mara moja hadi dukani kwa Mangi. Shilingi 500. Nimeijaribu kwenye ukingo wa gazeti, inaserereka vizuri.